Niliyemtukana Ndiye Aliyenifunza Sataranji

Nakumbuka Jumamosi ile nilipofungwa sataranji na fundi baiskeli mbele ya watu. Hadi leo, mwanangu, nikiikumbuka naona haya na furaha kwa pamoja. Nakusimulia kwa sababu nimesikia kwamba unacheza sataranji kila siku kwenye simu, chesi kama mnavyoiita ninyi vijana, na kwamba simu yenyewe unaifunga mpaka inakuchosha, ila kilabuni kwetu hapa Tabora hutaki kukanyaga. Unasema humjui mtu. Unasema watakucheka ukishindwa. Basi kaa kidogo, chai ipo, nikueleze.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka Ipole, kwa baba yangu mrina asali, nikaja mjini kushona sare za shule. Nilipanga chumba mtaa wa Ng'ambo. Siku za kazi zilipita vizuri, maana cherehani haikuachii nafasi ya kuwaza, lakini Jumamosi mchana nikishafunika mashine sikuwa na pa kwenda. Nikawa nachora drafti kwenye kipande cha boksi, nacheza peke yangu kwa vizibo vya soda.

Ndivyo alivyonikuta Mwalimu Nyamizi, mwalimu mstaafu wa hesabu, alipokuja kuchukua gauni lake.

"Unacheza na nani, binti?"

"Na mimi mwenyewe, Mwalimu."

"Na nani anashinda?"

Nikacheka. Akaniambia, "Njoo Jumamosi baada ya alasiri, kwenye ghala la Bwana Gulam, muuza vitambaa. Tuna kilabu cha sataranji. Hatutozi kiingilio, ila ukija na kachori hatukatai."

Nilikwenda. Ghala lilinukia vitenge vipya, na katikati ya majora ya vitambaa palikuwa na meza tatu na watu wasiozidi kumi. Bwana Gulam mwenyewe alinimiminia chai ya tangawizi, akanionyesha kila kete inavyokwenda: huyu mfalme, huyu malkia, hii ngome, huyu farasi anayeruka kichwa cha mwenzake, na hawa askari wadogo wa mbele. Hakuna aliyenicheka. Nilipokosea waliniambia, "Rudisha, fikiri tena." Kuuliza si ujinga, na mle ndani niliuliza mpaka nikajionea aibu mwenyewe.

Sasa, mwanangu, mimi drafti niliijua. Kule Ipole niliwafunga wanaume wenye ndevu. Kwa hiyo sataranji iliniingia haraka, na majivuno nayo yakaingia humo humo. Jumamosi ya nne nilimfunga Bwana Gulam. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mzee yule alikuwa na tabia ya kuwalegezea wageni ili wapate moyo. Siku ile sikujua. Nilijiona bingwa.

Jumamosi iliyofuata nikapangiwa Deo. Deo alikuwa fundi baiskeli, kijana mpole, ametoka Ulyankulu. Wazazi wake walikuja zamani wakitokea Burundi, wakapewa ardhi, wakalima. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao kidogo, na kucha zake hazikuisha grisi hata azisugue vipi. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu ni wa kumaliza kabla chai haijapoa.

Hatua hazikufika kumi. Malkia wake alishuka karibu na mfalme wangu, nikatafuta pa kumkimbizia, sikupaona. Watu walikuwa wamesimama wanatazama. Mmoja akapiga mluzi. Damu ikanipanda kichwani, nikasimama, nikasema kwa sauti:

"Yaani mimi nifungwe na mkimbizi!"

Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini huvunja mfupa. Bwana Gulam alikuwa anamimina chai, akaacha kikombe nusu. Deo alizirudisha kete kwenye sanduku moja moja, akalifunga, ndipo akasema bila kuniangalia, "Mimi nimezaliwa Ulyankulu, dada. Burundi sijawahi kuiona." Kisha akachukua kofia yake akatoka.

Nami nikatoka, nikijidai nimekasirishwa na mchezo.

Asubuhi ya Jumapili mlango wangu ukagongwa. Alikuwa Mwalimu Nyamizi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Hakutaka kukaa. Alisimama pale pale mlangoni, na mimi nilisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyekosa hesabu. "Mwajuma, huu mji unajua ulivyoanza?"

Nikatikisa kichwa.

"Ni mji wa njia. Misafara ilikuwa inapumzika hapa, hii inakwenda Ujiji, ile inashuka pwani. Babu wa babu yangu alibeba pembe begani kutoka hapa hadi Bagamoyo, miezi kwa miezi kwa miguu. Kule pwani yeye Mnyamwezi ndiye alikuwa mgeni, na Kiswahili chake walikicheka. Babu yake Gulam naye aliingia hapa na vumbi hadi magotini. Wewe juzi tu umetoka Ipole na begi moja. Hata sataranji yenyewe ni mgeni, imetoka mbali kuliko sisi sote. Sasa niambie, mwenyeji ni nani?"

Machozi yakanilengalenga. Akaongeza, na hili ndilo lililonichoma: "Kufungwa nitakufundisha. Adabu ulipaswa kuja nayo kutoka kwenu."

Akaenda zake.

Nilidhani Jumamosi nitamwomba Deo radhi kimya kimya, pembeni. Jumamosi ikafika, Deo hakuja. Iliyofuata hakuja. Pale mezani kiti chake kilikaa kitupu na hakuna aliyenilaumu kwa maneno, lakini chai niliyopewa niliinywa kama shubiri. Nikaelewa kwamba kwa neno moja nilikuwa nimemfukuza mtu mahali alipopapenda, mimi niliyepokewa pale wiki chache tu zilizopita.

Jumatatu niliacha cherehani nikaenda karibu na soko, Deo alipokuwa akitengenezea baiskeli. Mafundi wenzake walikuwepo sita au saba. Nilitaka kurudi, mwanangu. Lakini nilimtukana mbele ya watu, ningemwombaje msamaha mafichoni?

"Kaka Deo," nikasema, "nilikutukana mbele ya watu, nami nimekuja mbele ya watu. Nilikosa. Ulinishinda kwa haki nikakosa la kusema, nikasema upuuzi. Nisamehe."

Mafundi wakaacha nyundo. Deo alilizungusha gurudumu alilokuwa analinyoosha, akalitazama lilivyokwenda, akalisimamisha kwa kidole.

"Nimekusikia," alisema. "Iliniuma, sitakuficha. Jumamosi nitakuja." Kisha akatabasamu kidogo. "Ila usidhani nitakulegezea kama Bwana Gulam."

Na hakunilegezea! Alinifunga Jumamosi ile, akanifunga iliyofuata, akanifunga masika yote. Lakini kila baada ya kunifunga alizirudisha kete nyuma akanionyesha nilipoteleza. "Una mikono ya drafti, dada, inakimbilia kula. Tulia. Zikibaki kete chache, mfalme atangulie, askari afuate." Nilifungwa mpaka nikazoea, na nilipozoea ndipo nilipoanza kuona. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Kiangazi, watu wa Igunga wakatualika. Walikuwa na kilabu chao, na kila mwaka walikuwa wakitufunga. Tulipanda basi watano, tukapita Nzega, tunaimba, kachori zikiwa mapajani kwa Mwalimu Nyamizi. Huko Igunga tukacheza meza tano. Bwana Gulam akashindwa. Mwenzetu mwingine akashindwa. Mwalimu akashinda, Deo akashinda. Mbili kwa mbili. Ikabaki meza yangu.

Niliyecheza naye alikuwa karani mrefu, mwepesi wa mkono. Malkia wetu walikuwa wameshaliwa, ngome na farasi zimekwisha. Ubaoni palibaki wafalme wawili na askari wangu mmoja, ambaye akifika mwisho wa ubao atakuwa malkia. Watu walitubana, wengine wamepanda kwenye viti. Mkono wangu ulitaka kumsukuma askari akimbie. Nikaukalia mkono, ndiyo, niliukalia kabisa! Nikahesabu. Nikampeleka mfalme mbele, taratibu, hatua kwa hatua, mpaka tukatazamana na mfalme wa karani, na zamu ikawa yake. Akafikiri muda mrefu. Zamu hairukwi, na hakuwa na pa kukaa, ikabidi apishe njia. Ndipo askari wangu akatembea, akafika, akavikwa taji.

Karani akamlaza mfalme wake, akanipa mkono. "Umecheza, dada," akasema.

Sikusikia mengine. Deo alipiga ukelele uliotoka mpaka barabarani, Bwana Gulam akatupa kofia yake juu, na Mwalimu Nyamizi, mwanamke ambaye walisema hakuwahi kucheka darasani, akapiga vigelegele kama yuko arusini. Njia nzima ya kurudi tuliimba hadi sauti zikakauka. Abiria wakauliza mmeshinda mpira gani. Tukasema sataranji! Mmoja akauliza hiyo sataranji wanachezea wapi, na wiki iliyofuata alikuja ghalani.

Mwanangu, simu itakufundisha hatua, lakini haitakumiminia chai, haitakuambia "rudisha, fikiri tena," wala haitakukemea mlangoni Jumapili asubuhi. Nenda kilabuni. Ingia kwa salamu, keti unapooneshwa. Ukifungwa, mpe mkono aliyekufunga na umuulize ulipokosea. Usimpime mtu kwa kwao wala kwa kucha zake. Na ukikosa, maana utakosa, nenda ukaombe radhi mapema, pale pale ulipoharibia, kabla kiti cha mwenzako hakijazoea kuwa kitupu. Mgeni akiingia baada yako, msogezee benchi.

Mungu akupe utulivu wa mkono na wepesi wa kusamehe. Akupe wenzako watakaokufunga ukue, na watakaokushangilia siku ukishinda. Nyanyuka sasa, mwanangu. Leo ni Jumamosi, na alasiri imeshaadhiniwa.