Marlys wa Mizani na Nyasi za Kentucky

Huku kwetu kaskazini mwa Nebraska, ukimtajia dereva wa lori jina la Marlys Kucera, kwanza atainua nyusi, kisha atacheka. Marlys alikaa kwenye mizani ya barabara kuu nusu ya maisha yake akipima malori, na hakuna dereva aliyewahi kumnunulia hata kikombe cha kahawa. Kahawa alikuja nayo mwenyewe kwenye chupa, pamoja na andazi la plamu. Malori aliyapenda kweli. Baba yake alikuwa dereva wa kusafirisha ng'ombe, akazidisha mzigo, breki zikamshinda mteremkoni. Alipona, lakini hakutembea tena. Hilo Marlys hakupenda kulizungumzia.

Mwaka wa mafuriko, barafu ya mtoni ilipasuka ghafla. Mapande makubwa kama magari yakapita mashambani mwetu, yakazoa nyua, madaraja na maghala ya nyasi. Ilikuwa Machi, ng'ombe wanazaa. Ng'ombe aliyezaa asipokula, maziwa hukatika, na ndama hana siku nyingi. Basi gavana akatoa amri ya dharura: malori yanayoleta chakula cha mifugo yaruhusiwe kubeba zaidi ya zile tani arobaini za kawaida. Marlys yuleyule akasimama barabarani kuyapungia mkono yapite. Tulimtania sana. "Marlys anapitisha mizigo mizito. Basi dunia imefika mwisho."

Asubuhi moja likaja lori la mzee Orrin Tackett kutoka Kentucky, limesheheni marobota ya nyasi kavu waliyochanga wakulima wasiotujua. Mashamba kadhaa yalikuwa yamezingirwa na maji, na njia ya kuyafikia ilikuwa moja tu, daraja la chuma la Stolle, la tangu enzi za babu zetu. Kibao chake kilisema tani kumi na tano. Marlys alikuwa ameegesha gari lake mbele ya daraja, limeziba njia nzima.

"Mama, sogeza gari," Orrin akasema kutoka dirishani. "Gavana ameturuhusu."

"Amri nimeisoma, mzee wangu. Inahusu barabara. Madaraja yenye kibao haikuyagusa."

"Ng'ombe wanakufa huko ng'ambo."

"Najua. Wengine ni wa kaka yangu."

Na kaka yake, Duane, alikuwa anavuka daraja kwa miguu wakati huohuo, matope mpaka magotini.

"Marlys, umegeuka jiwe?" akauliza. "Nazika ndama kila asubuhi. Mpishe huyo mzee."

"Simpishi."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Wewe hasa. Daraja likivunjika, huyu mzee anazama, na nyinyi mnabaki kisiwani. Kesho nyasi mtaletewa na nani?"

Duane akatema mate pembeni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikadhani atamtukana. Badala yake akaligeukia lori, akaanza kuyahesabu marobota.

"Haya, bosi. Tufanyeje?"

"Kalete trekta lako. Na kila mwenye trekta na tela upande huo aje. Tunashushia hapa, tunavusha kidogokidogo."

Akapiga simu upande wetu pia, na haikuchukua muda barabara ikajaa matrekta. Marlys akavua koti la kazi, akatandika mizani zake ndogo za kuwekwa chini ya magurudumu, akapima kila tela kabla halijakanyaga daraja. Duane akajaribu bahati yake.

"Robota moja tu la juu, dada."

"Lishushe."

"Ni jepesi hilo."

"Kama ni jepesi, libebe mgongoni."

Orrin, ambaye hasira yake ilikuwa imeshayeyuka, akacheka. "Bwana, huyu ni dada yako kweli?"

"Mama yetu alisisitiza hivyo," Duane akajibu, akalishusha robota.

Malori mengine yakafika nyuma ya lile la Orrin, na hakuna dereva aliyebaki kitini. Kina mama wa kanisani wakaleta supu ya maharage, tukanywa tumesimama. Jioni robota la mwisho likavuka, na sauti za ng'ombe wakigombania chakula zikatufikia kutoka ng'ambo. Orrin akavua kofia mbele ya Marlys.

"Nimesimamishwa na watu wa mizani majimbo mengi," akasema. "Aliyenisimamisha kisha akanisaidia kushusha, ni wewe peke yako."

Tuliendelea hivyo mpaka wanajeshi walipotuwekea daraja la muda. Ndama wengi wa Duane walipona.

Kiangazi kile, kwenye maonyesho ya mifugo ya wilaya, nilimsikia Duane akimtambulisha Marlys kwa mnunuzi mgeni. Alimshika dada yake bega, akajivuta juu kidogo kama mtu anayepigwa picha.

"Huyu ni dada yangu," akasema. "Ndiye aliyetuzuia pale darajani."