Siku Mashine ya Gemu Ilipogeuka Kompyuta

Enzi zetu kule Kibugu, kompyuta hukuikuta dukani ikikungoja. Uliipika mwenyewe, kama mukimo, na ikiungua ulikula hivyo hivyo.

Yetu tuliipika ndani ya mashine ya gemu. Mjomba alituletea kutoka ng'ambo, nyeusi, nzito, inayong'aa hata ukaogopa kuigusa na mikono yenye utomvu wa majani chai. Kwa wiki mbili mimi na kaka yangu Mugendi hatukujua tena shamba liko upande gani. Tulicheza mpira kwenye runinga mpaka githeri ikashika sufuria. Mama akachoka.

"Mashine ya mpira haikai kwa mwalimu," alisema. "Jumapili inarudi kwa mjomba wenu."

Mugendi, ambaye uongo ulimtoka upesi kuliko salamu, akajibu, "Mama, hiyo si ya mpira. Ni kompyuta!"

"Basi Jumapili tukitoka kanisani iniandikie mtihani wa darasa la sita."

Loo! Ijumaa tulikimbia hadi saiba ya Manyatta, duka la intaneti. Kijana wa pale akatuambia kwamba mashine ile inakubali kuwekewa Linux, programu ya kuifanya kompyuta, akatuchomea sidii na kutuazima kibodi iliyokosa herufi Q. Jumamosi asubuhi tukaanza. Mugendi alisoma maagizo kwenye daftari, mimi nikaandika kwa kidole kimoja. Mistari myeupe ilipoanza kukimbia kwenye runinga, tulirukaruka juu ya kochi hadi likalia. Mwishoni ikaomba neno la siri.

Jumamosi kwetu ilikuwa siku ya Kiswahili kitupu. Mama alifundisha Kiswahili, na aliyeteleza kwa Kiembu aliosha vyombo. Kwa hiyo Mugendi akaamuru kwa Kiswahili safi: "Andika rara. Rara, kama kurara kitandani!"

Nikaandika. Linux ina tabia moja: ukiandika neno la siri, haikuonyeshi hata nukta.

Jumapili Mama akaketi bado na kofia ya kanisani, karatasi za mtihani mapajani. Mugendi akashika kibodi kwa madaha. Ikakataa. Akaandika tena, polepole. Ikakataa. Jasho likamtoka, nami nilishaiona mashine yetu ikirudi kwenye boksi.

"Wanja, si tulisema rara?"

"Haki ya Mungu, rara!"

Tulikubaliana kabisa, na bado mlango umefungwa. Mama alikuwa ameinama kuchomoa waya wa stima. Akasimama.

"Mugendi, andika hilo neno hapa."

Akaandika: lala.

"Wanja, na wewe."

Nikaandika: rara.

Mama alicheka hadi kofia ikaanguka. Miaka yote ile alikuwa akitupiga rula kwa kutamka R mahali pa L, kumbe R ndiyo ingetuokoa! Akaandika rara kwa mkono wake mwenyewe, mashine ikafunguka, sote watatu tukapiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani amezaa.

Mashine haikurudi kwa mjomba. Ila mpira hatukucheza tena. Tangu siku hiyo Mama aliitumia kuchapa mitihani ya shule nzima, na tukiomba zamu anatutazama juu ya miwani: "Si mlisema ni kompyuta?"

Siku hizi binti yangu anafungua simu kwa kuiangalia tu. Kila kitu kimo tayari ndani, na akingoja sekunde tatu anasema intaneti imekufa. Nikimsimulia habari za Linux yetu ananiuliza kwa upole, "Pole, Mama, kwani hamkuwa na simu?" Hajui utamu wa kukataliwa na kitu unachokitaka, halafu kikafunguka nyumba nzima ikipiga vigelegele. Namhurumia sana, maskini. Naye, nikimtazama vizuri, naona ananihurumia mimi zaidi.