Mbuzi Wasiohesabiwa

Ednah Igoki alikuwa amehudhuria semina nyingi mno kuweza kuziamini. Alizijua zote: mkate na soda saa nne, mtu wa kutoka mjini na suti yake katika lile joto la Gachoka, kupigwa picha pamoja, kisha kila mtu arudi nyumbani akiwa vile vile alivyokuja. Basi Kawira alipokuja kuwafundisha wanawake wa kikundi chao cha mbuzi wa maziwa, Ednah alikaa nyuma kabisa, tayari kusinzia.

Kawira hakuleta suti wala soda. Alikuwa dada wa Kimeru mwenye sauti ya ukali kidogo, na alichogawa ni kalenda kubwa za duka la dawa za mifugo, moja kwa kila mwanamke. Aliwaambia waitundike jikoni, na kila siku, baada ya kukama, waandike mbuzi gani ametoa vikombe vingapi na siku hiyo kulifanyika nini. Siku moja haitawaambia lolote, alisema, hata wiki haitawaambia, lakini wakivumilia mpaka kalenda ijae wataona mambo ambayo macho yao yalikuwa yakiyapita kila asubuhi.

Ednah alivumilia, na huo ndio uliokuwa mwanzo wa maziwa yake kuongezeka. Aliona kwamba siku ambazo mbuzi walinyweshwa kabla ya kwenda malishoni, si adhuhuri kama ilivyokuwa desturi ya boma lile, maziwa ya jioni yalipanda. Akabadilisha saa ya maji. Akaona kwamba yule mbuzi aliyekuwa akimwita mvivu alipunguza maziwa siku alizokamwa kwa haraka tu, siku za kanisa na siku za soko, na kwamba mvivu alikuwa Ednah mwenyewe. Hilo lilimchoma, lakini akajirekebisha. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa akipeleka maziwa kwenye hoteli mbili za Gachoka, na kina mama wenye watoto wachanga walimpigia simu wakiomba awawekee. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, kulikuwa na kitu kilichokuwa chake, kilichokua mbele ya macho yake.

Tatizo lilikuja Kawira aliposema kwamba sasa waandike pia idadi ya mbuzi wanaoingia bomani kila jioni, ili mmoja akipotea ajulikane siku ile ile.

"Hapana," akasema Mzee Njeru, baba mkwe wa Ednah, alipoambiwa. "Maziwa andika. Maziwa ni kitu. Mbuzi si za kuhesabiwa."

Hakuwa akibishana. Alisema tu, kama mtu anavyosema kwamba moto unaunguza. Katika boma lake, kama lilivyokuwa la baba yake na la majirani wa rika lake kule Mbeere, chenye uhai hakihesabiwi, awe mtoto au mnyama, maana ukishakitia katika hesabu umekionyesha kifo. Mzee alikuwa Mkristo wa siku nyingi, anayeimba kwaya ya wazee kwa sauti ya kutikisa madirisha, lakini katika jambo hili hakuna mchungaji aliyemweza. Hata vijana wa sensa walipokuja na mashine zao wakamwuliza ana watoto wangapi, aliwatajia majina ya watoto wake mmoja mmoja, waliokufa na walio hai, akawaacha wajihesabie wenyewe huko mbele ya safari. Ngari, mume wa Ednah, alipenda kusimulia kisa hicho kazini kwake Embu, na kila akikisimulia alicheka mpaka machozi.

Badala ya kuhesabu, Mzee Njeru alikuwa na lango. Kila jioni alisimama penye lango la boma, mkono juu ya mti wa kufungia, na mbuzi walipompita aliwataja. Hakuwataja kwa rangi, bali kwa asili zao: wa Karurumo, yule aliyenunuliwa kule akiwa mtoto, binti yake wa Karurumo, wa Gitari, aliyetolewa na jirani kwa shukrani, wa mvua kubwa, aliyezaliwa usiku wa mafuriko. Akimaliza alijua nani hayupo, na walitoka kumtafuta kabla giza halijaingia. Miaka yote hiyo hakupoteza mbuzi kwa uzembe. Ednah alipoolewa alilicheka lango lile kimoyomoyo, kisha akalizoea, kisha akalipenda. Jioni haikuwa jioni mpaka ameisikia ile sauti ikitaja.

Basi ikawa maziwa yanaandikwa kwenye kalenda, na mbuzi wanatajwa langoni, na kila upande ukaheshimu mwenzake.

Jioni moja, mvua za vuli zikianza, mzee alikwama. Mbuzi alikuwa mbele yake, akimtazama, na jina halikuja. Alicheka kidogo, akampiga mbuzi kofi la mgongo, akamwacha apite. Siku ya pili yake alitaja wote vizuri. Siku ya tatu alimtaja mmoja mara mbili.

Ednah hakumwambia mtu. Lakini alikuwa ameshazoea kuangalia kitu kila siku, na jicho likishafunzwa halikubali kufungwa. Kwenye kalenda hakuthubutu kuandika, kwa sababu Ngari akija mwisho wa mwezi aliisoma kama gazeti. Alitafuta mkebe mtupu wa majani ya chai, akauweka juu ya rafu ya jikoni. Jioni ambayo mzee ametaja vizuri alitia punje ya ndengu. Jioni aliyokosea alitia punje ya kunde. Mwanzoni ndengu zilikuwa nyingi mno hata akajiona mjinga. Kufikia Krismasi zilikuwa zimekaribiana. Baada ya hapo akawa anaogopa kuutazama ndani ule mkebe, lakini punje alitia, kila siku, kwa sababu kuacha kungekuwa ni kujidanganya.

Aliogopa kwa sababu mbili, na alikuwa mkweli kiasi cha kujua kwamba moja ilikuwa ya mzee na moja ilikuwa yake. Pasaka Ngari alikuwa ameona baba yake akitafuta fimbo aliyoishika mkononi, akamwita mkewe kando. "Ednah, mzee ameanza kuchoka. Sisemi chochote sasa. Lakini mbuzi mmoja akipotea kwa ajili yake, nitauza zote, nimchukue akae na mimi Dallas." Alikuwa amepanga vyumba viwili kule Dallas, mtaa mmoja wa mji wa Embu, orofa ya pili, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Ednah aliwaza mzee akikaa kwenye kochi mchana kutwa pale, bila lango, bila mbuzi wa kuwataja. Akawaza pia maziwa yake.

Siku ya msiba ilikuwa Jumanne. Jioni mzee alisimama langoni akataja kwa sauti safi, bila kukwama hata mahali pamoja, na Ednah aliyekuwa akikoroga uji alifurahi, akatia ndengu. Hakusikia, au alisikia na hakutaka kusikia, kwamba katikati ya majina yale mzee alimtaja wa Kirimi. Wa Kirimi alikuwa mbuzi wa mahari, aliyeletwa kutoka Meru binti ya mzee alipoolewa huko, naye alikufa wakati wa ukame ule mbaya. Mzee alimwona akiingia. Aliyekuwa hajaingia ni wa Karurumo, mama wa nusu ya kundi, aliyejaza kikombe kuliko wote.

Walimkuta asubuhi korongoni, fisi wakiwa wameshamaliza kazi yao. Mzee alichuchumaa pale kwa muda mrefu akiushika ukwato mmoja uliobaki. "Lakini aliingia," akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini, "Hakuingia." Ednah alisimama nyuma yake akilia wazi wazi, na hakujua anamlilia nani kati ya hao wawili.

Ednah mwenyewe alimpigia Ngari, kabla habari haijafika Embu kwa midomo mingine. Ngari hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Hapo kwetu kuna mtu anahesabu hizo mbuzi?"

"Hakuna."

"Basi Jumamosi nakuja na mnunuzi. Na baba ajitayarishe, tutarudi naye." Akakata simu.

Ednah alimwambia mzee neno kwa neno, maana hakuwahi kumdanganya. Mzee alisikiliza, akaendelea kuchonga mpini wa jembe uliokuwa mapajani mwake.

Jioni mbuzi walipofika langoni, hakuweka mkono juu ya mti. Alisogea pembeni.

"Mama, njoo," akasema. Alimwita Ednah mama kwa sababu mtoto wake wa kwanza alibeba jina la mzee, na kwa desturi yao aliyemzaa Njeru mdogo amemzaa Njeru mkubwa. "Simama hapa. Hesabu."

"Baba, nitawataja. Nimewajua wote, nimekusikia miaka yote."

"Hata mimi niliwajua. Hesabu, kwa sauti, nisikie."

Akahesabu. Kwa kila aliyepita alihisi anatukana mtu. Mzee alikuwa amegeuza uso upande wa barabara, na kila tarakimu ilipotoka mabega yake yalishtuka kidogo. Wa mwisho alipoingia, alifunga lango mwenyewe.

"Mpigie Ngari. Mwambie mbuzi zinahesabiwa."

Ednah alipiga simu, akamwambia Ngari. "Nani amekubali hiyo kitu?"

"Ni yeye ameniambia nihesabu."

Alisikia pumzi ya mumewe ikikatika-katika, na akajua kwamba kisa cha sensa hakitasimuliwa tena kwa kicheko. "Basi zikae," Ngari akasema. "Na yeye akae. Jumamosi nitakuja peke yangu."

Ednah alirudi kumpa mzee habari, akamkuta ameketi nje ya jiko. Alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi, Mama? Umenihesabu tangu lini?"

"Baba?"

"Macho ndiyo yamechoka, masikio bado. Kila jioni baada ya lango nasikia mkebe unalia."

Hakuwa na pa kujificha. Aliketi chini mbele yake kama binti. "Tangu vuli, baba. Nisamehe."

"Ninapanda ama ninashuka?"

Angeweza kusema lolote, na mzee angelikubali, maana alikuwa mtu mpole. "Unashuka."

"Haraka?"

"Polepole. Lakini kila mwezi unashuka."

Mzee hakuonekana kuogopa, alionekana kama mtu aliyeulizia njia akajibiwa vizuri. "Basi endelea. Na usinifiche, kila jioni uniambie nimefika wapi. Mwenye kushuka mlima anataka kujua mguu anauweka wapi." Alimshika mkono, jambo ambalo baba mkwe hafanyi. "Lakini siku nitakayokutazama nisikujue wewe ni nani, siku hiyo usiniambie. Sema tu ni jioni, unipeleke ndani."