Mkeka wa Mwenzake

Jumapili baada ya misa huwa sina nguvu hata ya kuvua viatu. Wiki nzima nimewapigia kelele watoto wa darasa la nne huku malori ya madini yakipita nje na vumbi likiingia mpaka kwenye chaki, halafu padri naye anahubiri kana kwamba hakuna aliyeacha sufuria motoni. Hata hivyo, Jumapili ndiyo siku yetu ya mchezo, na mchezo siukosi. Ni upuuzi ninaoupenda.

Tunachezea uani kwangu: mimi, jirani yangu fundi cherehani, na mchimbaji mmoja aliyekuja Kolwezi kutoka Kasai kutafuta shaba, akapata zaidi kikohozi. Mchezo tuliutunga wenyewe. Kuna nchi chini ya ardhi, mashimo yanayosema, wachawi, majeshi ya wafalme waliokufa. Mmoja anasimulia, wengine wanasema watu wao wanafanya nini, na dadu inaamua. Ukitoka hai shimoni unaruhusiwa kutunga kitu kimoja cha uchawi na kukiandika kwenye karata. Mchimbaji ndiye anayechora picha zote, kwa kuwa sisi wawili tukichora mbuzi anatoka meza.

Zamu yangu ilipofika nilitunga mkeka, na hapo lazima nieleze.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa askari. Alipostaafu alikuja kukaa hapa na askari mwenzake, wakaishi nyumba moja na kulala kitanda kimoja tangu nikiwa msichana wa shule. Walipendana kama mume na mke, na familia nzima ilijua. Tulisema tu "mwenzake". Mwenzake amekuja, mwenzake anaumwa, mpelekee mwenzake sahani ya bukari kabla haijapoa. Lilikuwa neno la adabu, halikumlazimisha mtu kusema zaidi. Mimi nimelichoka.

Mjomba alipofariki, ikabidi pawe na mtu wa mkekani. Kwenye kilio cha kwetu mfiwa mkuu huketishwa chini, karibu na maiti, na kila anayeingia humwinamia yeye kwanza. Wazee wakahangaika. Mwishowe wakamkumbuka mke wa zamani, aliyeachana na mjomba kabla mimi sijazaliwa, wakatuma pikipiki mpaka Kasaji. Mama wa watu akaja, akaketi, akatafuna karanga, akauliza kama marehemu alikuwa bado anakoroma. Sikumlaumu, barabara ile inachosha. Askari wakaja wakapiga saluti, bereti ya mjomba wakamkabidhi yeye. Mwenzake alikuwa anapanga viti. Yeye pia alikuwa askari, na ndiye aliyewahi kumtoa mjomba vitani akiwa amembeba mgongoni. Hakuna aliyempigia saluti wala kumpa pole. Alipomaliza viti akaenda kuchota maji.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye. Familia ilikusanyika kuondoa kilio. Siku hiyo mtu wa upande wa marehemu humshika mfiwa mkono, humwinua, mfiwa hunyolewa nywele, na kuanzia hapo anaruhusiwa kuishi tena na watu. Yule mama wa Kasaji aliinuliwa, akanyolewa, akarudi kwake kwa bwana wake mwingine. Nikamuuliza mama mkubwa, na mwenzake je?

"Hakuikalaka pa mukeka," akasema. "Sasa tutamutosha wapi?"

Nilikasirika, na kibaya ni kwamba kwa hesabu za kwetu hakuwa amekosea. Huwezi kumtoa mtu mahali ambapo hukumwingiza. Na yule mzee, mwenzake, ni mtu wa amri, jeshi halijamtoka. Akawa anasubiri. Haendi sokoni, hanyoi ndevu, hali mezani na watu. Alikonda, shati likawa linaning'inia kama liko kwenye kamba. Nilikuwa nikimpelekea chakula na kukikuta kesho yake kimefunikwa vilevile. Niliona wazi kwamba angekufa akiwa bado ndani ya kilio ambacho hakuna aliyekitambua.

Basi mkeka wangu wa mchezoni niliuandika hivi: ulisukwa kwa ajili ya askari waliopenda askari wenzao na kuzikwa bila neno. Ukiutandika popote, hata shimoni, askari aliyekufa huja kusimama nyuma ya mwenzake aliyeketi, na hakuna mfalme awezaye kumuuliza aliyeketi, wewe ni nani wake?

Mchimbaji akachora. Alinikabidhi karata akiwa na fahari zake zote: mwanamke amejitanda kitenge, analia vizuri kabisa.

"Umechora mwanamke," nikasema.

"Madame, si uliandika askari na mwenzake? Njo bibi yake, shi?"

Kiswahili kilikuwa kimenifungulia mlango wa kutokea. Mwenzake anaweza kuwa yeyote. Ningenyamaza, karata ingebaki nzuri na Jumapili ingeendelea. Lakini nilikuwa nimechoka, na kuna uchovu unaomfanya mtu aseme kweli kwa sababu hana nguvu ya kutunga jingine.

"Ni mwanaume. Bote babili ni banaume. Ni mjomba yangu na ule muzee unamuonaka pale nyumba ya nyuma."

Fundi cherehani akaweka dadu chini. Mchimbaji akakohoa, akatazama picha yake.

"Ule muzee alinipikiaka dawa ya kikohozi," akasema.

"Donc? Basi je?" nikauliza.

"Donc hakuna kitu. Lete karata. Mais kitenge haifutike, nitamuwekea tu ndevu."

Tukacheka.

Jumapili iliyofuata nilimwendea mzee, nikamwambia kuna kitu chake kwangu. Alikuja mpaka uani lakini hakukubali kukaa mezani. Alisoma karata akiwa wima, midomo ikicheza. Picha ikamshinda.

"Huyu mwenye ndevu na kitenge, njo mi?"

"Mchoraji ni huyu hapa, tata. Umupige yeye," nikamjibu, nikimwita baba kama tunavyowaita wazee wetu.

Akatabasamu kidogo, akasoma tena.

"Ni muzuri. Mutu anaikala, hakuna mwenye kumuuliza. Mais anaamuka pa mukeka siku gani?"

Nilikuwa nimemtungia heshima, na yeye alikuwa akitafuta ruhusa ya kuishi tena. Niliona aibu.

"Andika," mchimbaji akasema, "anaamushwa na mutu ya familia."

Wote wakanitazama. Mimi ni mtoto wa dada wa marehemu, hilo halina ubishi. Ila si mkubwa, si mwanaume, na maneno yanayosemwa siku ya kuondoa kilio siyajui. Fundi cherehani hakungoja niamue. Aliingia kwake akatoka na mkeka anaokatia nguo, akakung'uta nyuzi, akautandika kivulini.

"Ikala, tata," akamwambia.

Mzee aliketi polepole, goti lake bovu akilinyoosha mbele. Fundi akamwinamia, akampa pole. Mchimbaji akavua kofia, akainama, akampa pole. Nikabaki mimi. Nilitafuta neno la kusema na lililokuja kwanza lilikuwa lilelile la siku zote, mwenzako. Nikalimeza.

"Pole, tata," nikasema. "Pole ya kufiwa na bwana yako."

Aliniangalia kana kwamba nimemwita jina ambalo hajaitwa maisha yake yote. Nikaogopa nimekosea, nikanyoosha mkono haraka nimwinue, yaishe, apumzike.

Hakuushika.

"Ngoja kwanza, mama," akasema, akajiweka sawa mkekani. "Mi siyamulilia bado."