Moto wa Chumba cha Kupanga

Moshi wa kuni za mkaratusi hunirudisha Lushoto, kwenye chumba tulichopanga mlimani. Kila asubuhi baba, karani wa boma, alishuka kazini ukungu ukimfika magotini. Mama, mtu wa Tanga mjini, kule pwani, alizima moto kila alipomaliza kupika. Kwa Washambaa moto hauachwi ufe, basi bibi mwenye nyumba alituletea kaa jekundu juu ya kigae kila kulipokucha, wala hakutusema.

Baba alipohamishwa, mama alimwagia maji mafiga, akafagia majivu yote, tuache chumba safi. Mimi nikapeleka ufunguo.

“Shikamoo, bibi.”

Aliupokea, akaja nami chumbani mwetu, akainama, akapapasa mafiga yaliyolowa.

“Mmeuzima, mjukuu wangu? Nilitaka niuhamishie kwangu, mkiondoka ubaki ukiwaka.”