Kimya cha Kyanjovu

Sababu ya safari hii ilikuwa ghorofa. Mwenye nyumba wetu wa Kyebando, mjini Kampala, mtu mpole ambaye hakupata kutugombeza hata mara moja, alikuja sebuleni, akanywa chai yake yote, kisha akatueleza kwa masikitiko kwamba mahali tulipoketi patakuwa ngazi. Alikusudia kujenga vyumba vya kupangisha, na kwa kodi aliyoitaja, vyumba hivyo havikuwa vya mwalimu mstaafu wa Kiswahili na mkewe, muuguzi mstaafu wa kambi ya polisi. Tulipewa muda hadi mvua zitakapokwisha.

Sikuhuzunika sana. Kyebando ilikuwa imenichosha kwa kelele: kulia fundi wa kuchomelea vyuma, kushoto baa, na nyuma yetu kanisa changa lililokesha kila Ijumaa kwa spika zilizowazidi waumini kwa idadi. Nami nina kazi ya ufafanuzi wa mashairi ya kale ambayo imekuwa ikingoja utulivu tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Nilitamani mji mdogo wa shamba, wenye kodi nafuu na kimya. Mke wangu Akello alitamani jambo jingine. Yeye, kama mimi, ni mtoto wa askari. Alikulia katika kambi moja baada ya nyingine, na anajua maana ya kuwa mgeni kila mahali.

"Mwalimu," aliniambia, "kodi uliza wewe, maji uliza wewe. Mimi nataka jibu moja tu. Siku nikifa huko, hao watu watakuja kunizika, ama utanizika wewe peke yako na vitabu vyako?"

Nilimjibu kwamba hakuna namna ya adabu ya kumuuliza mwenye nyumba swali kama hilo.

"Basi usirudi na ufunguo," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Aliyenielekeza Kyanjovu ni jirani yetu Mama Njeri, Mkenya anayeuza mitumba katika soko la Owino na kupeleka marobota kwenye magulio ya mashambani. "Kuna mzee huko anaitwa Ssalongo," alisema. "Ako na nyumba nyuma ya maduka. Bei haiwezi kukuliza." Nilimuuliza kama mji huo una kelele. Alifikiri kidogo. "Mimi hufika siku ya gulio, Mwalimu. Siku hiyo kelele ni mimi."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye kituo cha magari cha Nateete. Nilivaa koti jeusi nililokuwa nikivaa siku za mahafali, nikafunga tai, nikashika mwavuli, kwa maana mpangaji huhukumiwa kwa mavazi kabla hajafungua kinywa. Kondakta alinitazama toka juu hadi chini.

"Pole, mzee. Unaenda kuzika nani?"

"Naenda kutafuta nyumba ya kupanga."

"Na tai?" akauliza, kisha akanionyesha kiti cha dirishani kwa upole ambao watu huwawekea wagonjwa.

Tulipita Mpambire, ambako ngoma huanikwa kandokando ya barabara kama vyungu, tukapita mabwawa ya mafunjo, tukafika Lukaya, ambako mishikaki iliingia madirishani kabla gari halijasimama. Mbele ya hapo nilishuka kwenye njia panda, nikapanda bodaboda kuifuata barabara ya udongo mwekundu kati ya mashamba ya kahawa na migomba.

Adhuhuri nikawasili Kyanjovu, na nikadhani nimefika peponi. Palikuwa na mtaa mmoja wenye maduka pande zote mbili, na maduka yote yalikuwa yamefungwa. Hapakuwa na redio, wala pikipiki, wala muuzaji wa chochote. Mbwa mmoja alinikaribia, akaninusa, akaondoka bila kutoa maoni. Nilisikia ncha ya mwavuli wangu ikigusa vumbi. Nilisimama katikati ya barabara, mtu mzima, nikitabasamu peke yangu.

"Ssebo, umechelewa."

Aliyesema hivyo, akiniita bwana kwa Kiganda, alikuwa mtu aliyeketi mlangoni pa duka la dawa, mguu wake mmoja ukiwa ndani ya plasta.

"Namtafuta mzee Ssalongo," nikasema.

"Ssalongo iko kwa mazishi. Watu yote iko kwa mazishi. Kimbia, labda hawajaweka yeye chini."

Nilimuuliza kama ningeweza kungoja pale kivulini. Alinitazama kana kwamba nimeomba kuingia msikitini na viatu. "Hapa ukikosa kuzika, chairman anakupiga faini. Ukifungua duka, faini. Mimi wameacha nilinde mji sababu ya mguu. Na bado walifikiria kunibeba."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda kwenye mazishi ya mtu nisiyemjua. Niliwakuta watu kwenye boma moja katikati ya migomba, wengi kupita kiasi. Nilikusudia kusimama nyuma kabisa, lakini tai haikubaliki nyuma. Mikono isiyo na mwenyewe ilinisukuma hadi hema la mbele, na mshereheshaji akaninyooshea kipaza sauti ili nijitambulishe. Kiganda changu ni cha kununulia nyanya. Nikajitambulisha kwa Kiswahili, kwa ukamilifu wa sentensi ambao nimeufundisha maisha yangu yote.

Watu wote wakageuka kunitazama. Ni lazima nieleze kwamba katika vijiji vya Buganda, mtu mzima anayesimama wima na kusema Kiswahili bila kusitasita huhesabiwa kuwa askari, na akiwa na koti, askari mkubwa. Marehemu alikuwa sajini mstaafu. Mjane wake alikuwa ametazama njia tangu alfajiri, akiwangoja wenzake wa jeshini, na hakuna aliyetokea.

"Jeshi limefika," akatangaza mshereheshaji.

Mjane aliinuka mkekani, akaja, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mtu atakayeniambia kwamba wakati ule ningepaswa kumsahihisha, naomba aje aushike mkono ule kwanza. Nilipewa nafasi ya kusema, nami nikaazimia jambo moja: nisiseme neno lolote lisilo la kweli.

"Ndugu wafiwa," nilianza, "sitadai kwamba nilimfahamu marehemu kama mlivyomfahamu ninyi." Wakatikisa vichwa kuusifu unyenyekevu wangu. "Katika miaka yote niliyoishi Kampala, sikusikia neno moja baya juu yake." Mtu wa nyuma akacheka, akanyamazishwa. Nikaendelea kwa kirefu, nikitenga kwa uangalifu ninayoyajua na nisiyoyajua, hadi nikafika mwisho: "Lakini leo nimepita mjini kwenu, nikakuta milango yote imefungwa kwa ajili yake. Nimeishi kwenye miji mikubwa, na sijapata kuona heshima kama hiyo." Sentensi hiyo haikuhitaji kupimwa. Mjane akalia, na mimi nikaketi.

Jeneza lilipofikishwa kaburini, wazee watatu wenye medali walijipanga. "Afande," mmoja akaninong'oneza, "toa amri."

Nilizaliwa kambini. Baba yangu alipigia watu kelele za gwaride chini ya dirisha letu kila asubuhi, nami niliapa kuishi maisha ya sauti ya chini. Sijui sauti ile ilitoka wapi.

"Mguuu, sawa!"

Wazee watatu wakakakamaa. Kwaya nayo ikakakamaa, na katekista, na wachimba kaburi wakiwa wameshika makoleo. Hakuna aliyepumua, hata nikakumbuka kwamba wa kuwafungua ni mimi. "Mguu pande," nikasema, na Kyanjovu nzima ikashusha pumzi.

Baada ya matoke na maharagwe, Ssalongo, mzee mfupi mwenye udongo wa kaburi magotini, alinipeleka kuiona nyumba. Njiani sikuweza kuvumilia. "Mzee, lazima nikwambie. Mimi si askari."

"Tunajua."

"Mlijua lini?"

"Wakati ulikuwa unasema. Afande kamili anasema maneno mbili, anakaa. Wewe ulisema mpaka jeneza ikachoka."

"Mbona hamkunizuia?"

"Mama alikuwa anangoja jeshi," akasema. "Na wewe ulikuwa na tai."

Nyumba ilikuwa na vyumba vipana, tangi la maji ya mvua, mparachichi uani, na kodi iliyonifanya nimuombe airudie. Niliingia katika chumba cha nyuma, nikafunga dirisha, nikafumba macho. Kimya. Niliiona meza yangu pale. Ndipo waombolezaji waliporudi mjini na maduka yakafunguliwa, na nyuma ya ukuta ule ule mashine ya kusaga mahindi ikanguruma hata vioo vikatetemeka. Banda la video likaijibu toka ng'ambo ya barabara.

"Ssalongo," nikapaza sauti, "mashine hii hulala saa ngapi?"

"Umeme ukienda."

"Umeme huenda mara nyingi?"

"Zamani. Sasa wametuletea transfoma mpya," akasema kwa fahari.

Jioni nilirudi Kyebando bila ufunguo, nikiwa nimebeba jogoo aliyefungwa miguu, zawadi ya mgeni wa mara ya kwanza. Nilimsimulia Akello kila kitu kwa utaratibu: kodi, maji, zahanati, mashine. Nilisisitiza mashine. Yeye aliuliza juu ya mazishi tu.

"Walifunga maduka yote?"

"Yote."

"Marehemu alikuwa mtu mzuri?"

"Nilipokuwa nikila waliniambia alikuwa mgomvi, na kwamba hakuwa mwenyeji, alihamia tu."

Alikaa akimtazama jogoo. "Alihamia," akarudia polepole. Kisha akainuka, akaanza kuteremsha vyombo kabatini. "Wewe utatia pamba masikioni."

Tumehamia. Nayaandika haya katika chumba cha nyuma, pamba masikioni, kalamu ikitetemeka pamoja na meza, na nimejifunza kwamba mke wa mtu huweza kuuliza swali moja likayazidi yote niliyoyaandaa mimi. Wala nisiisingizie Kyanjovu: kimya kipo. Huja mara kwa mara, kimya kamili, mashine imezimwa na mtaa umefungwa, siku njema kabisa ya kumaliza ufafanuzi wangu. Lakini kila kinapokuja, Ssalongo hupita dirishani na kuniambia nivae tai, kwa kuwa watu wananingoja nitoe amri.