Begi la Binti na Zawadi za Wakubwa

Shule ya binti yangu iliweka sharti moja kwa wanafunzi waliokuwa wakienda kupiga kambi katika miteremko ya Meru: asubuhi ya safari kila mmoja angeuzunguka uwanja wa mpira akiwa na begi lake mgongoni, bila kusaidiwa na bila kulitua. Ambaye angeshindwa angebaki kambi ya chini pamoja na wapishi. Binti yangu ndiye aliyekuwa mdogo wa umbo kuliko wenzake wote. Tangu alipojifunza kusimama alikuwa akiutazama mlima ule kupitia dirisha la chumba chake, nyumbani kwetu Engutoto, na hakuwa na nia ya kuendelea kuutazama kutoka jikoni kwa watu.

Alifungasha mwenyewe siku iliyotangulia safari. Mfuko wa kulalia aliuweka chini, sweta na soksi nzito katikati, na koti la mvua juu kabisa, ili mkono ulifikie pasipo kutafuta. Akalivaa begi, akatembea sebuleni, akatabasamu. Kazi yangu ya chuoni imenizoesha kukagua, lakini sikuona cha kusahihisha.

Tatizo ni kwamba kwetu msafiri haondoki mikono mitupu. Kila anayesikia habari ya safari huja na kitu, na kitu hicho hakikataliwi. Alitangulia jirani yetu, mama wa makamo mwenye asili ya Tanga, na bakuli la vitumbua lililofunikwa kwa kitambaa. Kisha mama yangu akashuka kutoka Nkoaranga na chane mbili za ndizi mbivu na chupa kubwa ya maziwa ya mgando. Nami, kwa kutotaka kupitwa, nikaongeza kitabu changu cha mimea ya milimani, chenye jalada gumu.

"Shikamoo, bibi," binti alimsalimu mama yangu.

"Marahaba, mama. Huko juu utakula nini?"

"Mwalimu amesema chakula kipo."

"Mwalimu!" Mama akamgeukia jirani. "Eti mwalimu anaijua baridi ya Meru kunishinda mimi niliyezaliwa ubavuni mwake."

Binti akavipokea vyote na kuvipakia kimoja baada ya kingine. Alipojaribu kuinuka, begi likamvuta nyuma, akakaa sakafuni kitako. Hakuna aliyecheka. Nilimwona akikazia macho zulia. Ningeweza kusema neno, lakini neno lenyewe lingekuwa kumwambia mama yangu arudi na ndizi zake, na hilo sikuliweza.

Mara akasimama, akatandika mkeka, akavipanga vyakula juu yake, akaleta vikombe.

"Karibuni," alisema. "Safari yangu inaanzia hapa."

"Hivyo ni vya njiani!" mama alimaka.

"Kwani bibi, njia si inaanzia mlangoni? Tule wote, niondoke nimeshiba mikono yenu."

Jirani ndiye aliyeangua kicheko kwanza. "Kakuweza, dada! Lete kikombe, mwanangu, mimi sishindani na mtoto."

Tukala mpaka bakuli likabaki na mafuta tu. Mwishoni binti akanikabidhi kitabu kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Na hiki, mama, hakiliki."

Mama yangu alicheka hadi maziwa yakampalia. "Alitaka mtoto apande na maktaba!"

Asubuhi tulisimama kando ya uwanja, nyasi zikiwa bado na umande. Binti alipofika goli la mbali aliinama kidogo, akazivuta kamba za begi, lakini miguu haikusita. Alirejea uso ukimeremeta kwa jasho, na mwalimu akamwonyesha mlango wa basi.

Hapo mama akafungua pindo la kanga, akatoa ndizi moja. Binti akalitazama begi, akamtazama bibi yake, kisha akaimenya na kuila papo hapo, amesimama.

"Imeingia, bibi," alisema mdomo ukiwa umejaa, akapanda basi.